Tulitia sahihi bila kuhesabu



Kwa kawaida ukurasa huu hutuongoza katika sala, katika miito na katika maisha ya ndoa. Leo tunaomba mtuvumilie tukiongea juu ya daftari la hesabu. Tusidhani kwamba hilo ni jambo la wafanyabiashara tu. Mathayo aliitwa na Bwana akiwa ameketi penye meza ya ushuru. Yuda naye ndiye aliyekuwa mshika mfuko wa mitume, na Mtakatifu Yohane hakuficha kwamba alikuwa akiiba vilivyotiwa humo. Injili haiogopi kuongea juu ya fedha, wala juu ya mkono unaozishika.

Tunayoandika leo ni maungamo pia. Miaka kadhaa iliyopita tuliwekwa kuwa wakaguzi wa sanduku la vijana wa parokia. Tulikuwa wawili, makatekista wote wawili. Mwenzetu amekwisha kulala katika Bwana. Kabla ya kufa alitaka jambo hili liandikwe, na kwa hiyo tunaliandika kwa niaba yetu sote wawili.

Vijana walikuwa wakichanga fedha za kuezeka ukumbi wao. Walihitaji bati 40. Kila Jumapili baada ya Misa, kila mmoja alileta faranga alizoweza. Wasichana walikaanga mandazi wakayauza sokoni. Wavulana walibeba matofali na mchanga kwa wajenzi siku za Jumamosi. Mtunza fedha alikuwa kijana mwenye adabu, mwimbaji wa kwaya, aliyekuwa akisoma uhasibu, yaani ile kontabilite ambayo wazazi wengi huitamani kwa watoto wao. Nani angemshuku? Kila miezi mitatu alituletea daftari mlangoni pa sakristia. Mistari yake ilikuwa imenyooka, na chini ya kila jumla alipiga mistari miwili kwa rula. Tulitazama mwisho wa ukurasa, tukausifu mwandiko, tukatia sahihi. Sanduku lenyewe hatukulifungua hata mara moja.

Sisi tulifundishwa ualimu. Daftari la mtoto wa darasa la tatu tulikuwa tukilisahihisha neno kwa neno, kwa kalamu nyekundu, usiku, penye taa ndogo. Lakini daftari la jasho la vijana wengi namna ile tulilitia sahihi tumesimama, mkono mmoja umeshika baiskeli.

Karani wa kundi, msichana wa miaka 19, alitujia siku moja akasema: «Baba Katekista, risiti za mbao na misumari sizioni. Naomba tulifungue sanduku, tuhesabu pamoja.» Tulimjibu kwa ukali: «Mwanangu, wivu haujengi kundi. Mwenzako anaijua kazi yake.» Akainamisha kichwa, akaitika, akaenda zake.

Miezi miwili baadaye muuza bati alikuja kudai fedha zake. Sanduku likafunguliwa. Mlikuwa na fedha za bati 13.

Kijana alilia mbele yetu. Alisema kwamba mara ya kwanza alikopa ili alipe minerval ya masomo yake, akinuia kurudisha mwezi uliofuata. Mara ya pili mama yake alikuwa amelazwa. Mara ya tatu hakukuwa na sababu tena. Kulikuwa na mazoea tu. Na kwa kuwa alijifunza hesabu, alijua namna ya kuandika tarakimu ambazo macho ya wavivu yangezipokea. Macho hayo yalikuwa yetu.

Baadaye, tulipotaka kuelewa kosa letu lilikuwa la namna gani, tulisoma habari za kampuni moja ya wahasibu ambayo kuanguka kwake kunafundishwa hadi leo kwa wanafunzi wa kazi hiyo. Ilianzishwa na Arthur Andersen huko Chicago, Marekani, mwaka 1913, ikachukua jina lake. Mwanzilishi alisifiwa kwa unyofu wake mbele ya wateja wenye nguvu. Miaka karibu 90 baadaye kampuni ilikuwa na wafanyakazi wapatao 85,000 ulimwenguni, na sahihi yake chini ya hesabu za kampuni nyingine iliwatuliza watu: walioweka fedha zao humo walilala usingizi.

Mmoja wa wateja wake alikuwa Enron, kampuni ya nishati ya mji wa Houston. Enron ilikuwa ikificha madeni yake ndani ya makampuni mengine iliyoyaunda yenyewe. Ni kama mtu anayeandika madeni yake katika daftari la binamu yake, ili daftari lake mwenyewe lionekane safi. Andersen ilizikagua hesabu hizo na kutia sahihi. Kwa mwaka 2000 peke yake, Enron iliilipa dola milioni 25 za ukaguzi, na milioni 27 nyingine za kazi za ushauri na mengineyo. Anayelishwa na mkono fulani huona shida kuufungua mkono huo atazame kilichomo.

Ndani ya Andersen alikuwamo mhasibu mmoja, Carl Bass, aliyepinga baadhi ya hesabu hizo. Enron ililalamika juu yake, na mwaka 2001 akaondolewa kwenye mambo ya mteja huyo. Ndani ya Enron yenyewe, Sherron Watkins, naye mhasibu, alimwandikia mkuu wa kampuni mwezi Agosti wa mwaka huohuo, akimwonya kwamba hesabu zile zingewaangusha. Tuliposoma habari za watu hao wawili, tulimwona karani wetu ameinamisha kichwa mlangoni pa sakristia.

Tarehe 2 Desemba 2001 Enron iliomba kinga ya wafilisika mbele ya mahakama. Maelfu ya wafanyakazi walipoteza kazi, na wengi wao walipoteza pia akiba ya uzee wao, kwa maana ilikuwa imewekwa katika hisa za kampuni hiyohiyo. Ikajulikana kwamba katika ofisi ya Andersen ya Houston hati nyingi za mteja huyo zilikuwa zimesagwa na mashine. Juni 2002 kampuni ilikutwa na hatia ya kuzuia kazi ya haki, na mwisho wa Agosti ikaacha kukagua makampuni yanayouza hisa kwa watu wote. Mwaka 2005 Mahakama Kuu ya Marekani iliitengua hukumu hiyo, kwa sababu wazee wa baraza walikuwa wameelekezwa vibaya juu ya sheria. Lakini wafanyakazi walikuwa wamekwisha kutawanyika, na wateja wamekwisha kwenda kwingine. Wengi kati ya waliopoteza kazi pale Andersen hawakuwahi kuligusa faili la Enron.

Tutafakari jambo moja hapa. Wahasibu wale waliotia sahihi hawakuhitaji kuiba hata senti moja katika sanduku la Enron. Sisi nasi hatukuchukua hata faranga moja ya bati. Kwa hiyo tulijiambia siku nyingi kwamba hatukutenda dhambi yoyote, ila uzembe kidogo. Lakini mtu anayetia sahihi chini ya hesabu anasema: nimeona, nimepima, ni kweli. Sahihi ni ushuhuda. Na ushuhuda wa jambo ambalo hatukuliona ni ushuhuda wa uongo, hata kama kwa bahati tarakimu zingekuwa sawa. Tulifundisha amri ya nane katika katekesi miaka mingi, kumbe tulidhani inaongea juu ya mahakama na umbeya tu.

Ndiyo maana kazi ya uhasibu imejiwekea nidhamu yake yenyewe. Nchi yetu iliingia katika OHADA, umoja wa nchi 17 za Afrika wenye sheria moja ya biashara, mwaka 2012. Mwaka 2015 sheria ya Kongo iliunda chama cha taifa cha wahasibu mabingwa, kiitwacho ONEC kwa kifupi cha Kifaransa. Chama cha namna hii si chama cha kusaidiana katika misiba. Kinaandikisha wanaostahili kufanya kazi hiyo, kinasimamia mwenendo wao, na kinaweza kumwita mwenzao ajibu. Kanuni za maadili za kimataifa za kazi hiyo zinasimama juu ya nguzo tano: unyofu, kutopendelea, umahiri pamoja na uangalifu, kutunza siri, na mwenendo usioitia kazi yote aibu.

Na mhasibu akikosa? Vyama hivi kwa kawaida havianzi kwa kelele. Lalamiko huandikwa. Mtu huteuliwa kuchunguza. Mshtakiwa huambiwa anashtakiwa kwa nini, naye husikilizwa, akiwa na mtetezi akitaka. Kisha huja uamuzi, na adhabu zina ngazi. Huko Ufaransa, ambako chama cha wahasibu kiliundwa kwa sheria ya mwaka 1945, ngazi ni karipio. Kisha lawama inayoandikwa katika faili la mtu. Kisha kusimamishwa kazi kwa muda. Na mwisho kufutwa katika orodha. Anayeonewa anaweza kukata rufaa.

Kuna jambo jingine lililotushangaza. Sheria ya OHADA inamtaka mkaguzi wa hesabu za kampuni aifunulie ofisi ya mwendesha mashtaka makosa ya jinai anayoyakuta katika kazi yake. Na ajue kwamba hataweza kushtakiwa kwa sababu ya kuyafunua. Siri ya kazi inamlinda mteja dhidi ya midomo ya watu. Haimlindi mwizi dhidi ya haki. Tunawaomba, vijana, msichanganye hayo na siri ya kitubio, ambayo padri haifungui kwa sababu yoyote ile. Mkaguzi hakukaa katika kiti cha maungamo. Amekaa mbele ya daftari la watu wengine.

Sasa turudi kwetu. Siku ile ya bati 13 tuliitana, wakubwa wachache, tukafunga mlango. Mmoja alisema: «Ni mtoto wetu.» Mwingine akasema kwamba jambo likijulikana, watu wataacha kutoa sadaka. Sisi wakaguzi tulikubali haraka kuliko wote, kwa maana tulijua sahihi za nani zilikuwa katika daftari lile. Tukampa kijana karipio la maneno matupu, tukamwomba ajiuzulu kwa kisingizio cha masomo. Vijana tukawaambia kwamba bei ya bati imepanda. Tuliita hayo huruma.

Karani hakudanganyika. Alikuwa amekwisha kuuliza bei mwenyewe kwa muuza bati. Hakusema neno mbele ya kundi. Aliacha tu kuja. Wenzake wakasema ana kiburi, nasi tuliwasikia, tukanyamaza.

Mwaka uliofuata kijana alitujia akitafuta kazi kwa mfanyabiashara mmoja. Aliomba barua ya kumtambulisha. Tuliandika kwamba tunamjua tangu utoto wake, kwamba ni Mkristo mwema na mwaminifu katika mambo ya fedha. Tukatia sahihi kwa mara nyingine. Kabla mwaka haujaisha alifukuzwa kwa kosa lilelile, akafungwa majuma kadhaa. Tulikwenda kumtazama tukiwa na mkate na sabuni. Hakutulaumu kwa ile barua. Alituuliza jambo moja tu: «Kwa nini hamkuhesabu?»

Swali hilo tumeishi nalo. Tungehesabu mara ya kwanza, pengo lingekuwa dogo, na mama yake angesaidiwa na shirika lao, kama mama wengine walivyosaidiwa. Tungemwita mbele ya wenzake mara ya tatu, angeona haya, angelipa kidogo kidogo, na angekaa miaka michache mbali na sanduku lolote. Hiyo ingekuwa adhabu nyepesi. Sisi tulimwachia nzito.

Bwana wetu mwenyewe alituonyesha ngazi katika sura ya 18 ya Injili ya Mathayo. Ndugu yako akikosa, nenda kwanza kwake peke yenu wawili. Asiposikia, chukua mmoja au wawili kama mashahidi. Akikataa bado, liambie kanisa. Hakuna ngazi inayosema: ukizidiwa, danganya kanisa. Na Sheria za Kanisa, katika kanuni ya 1341, zinatuonyesha adhabu ni ya nini: kuponya kashfa, kurudisha haki, na kumgeuza mkosaji. Tulipofunika jambo lile, hakuna hata moja kati ya hayo matatu lililopatikana. Zakayo hakuambiwa na Bwana kwamba yaishe tu. Alisimama nyumbani mwake mbele ya watu, akaahidi kumrudishia mara nne kila aliyemdhulumu, na siku hiyohiyo wokovu ukaingia nyumbani humo. Huruma iliingia pamoja na hesabu.

Nasi ilitubidi tuipande ngazi hiyo. Tulikwenda kwa Padri Paroko, tukamweleza yote, tukaondolewa katika ukaguzi. Ilikuwa haki. Kisha tulisimama mbele ya vijana tukasema kwamba bei ya bati haikupanda. Tuliahidi kulipa sehemu ya bati zilizokosekana, tukazilipa kwa muda wa miaka miwili. Kwa karani tulikwenda nyumbani kwao, mbele ya baba yake na mama yake, tukamwomba msamaha. Alisema: «Baba Katekista, nimewasamehe.» Katika kundi hakurudi. Hatukumsihi arudi, hatukuwa na haki hiyo.

Baadhi yenu mtakuwa wahasibu. Wengi zaidi mtashika sanduku la kwaya, la likelemba, la chama cha mama au la chuo. Tunawaachia machache ambayo hayahitaji masomo makubwa. Anayeshika fedha asiwe ndiye anayeandika daftari peke yake. Kila fedha inayotoka iwe na risiti, na risiti isikose tarehe. Mkaguzi afungue sanduku, azimwage fedha mezani, ahesabu kwa sauti mbele ya wawili wengine, ndipo atie sahihi. Kundi zima lisomewe hesabu kwa siku inayojulikana. Kanuni ya 1284 ya Sheria za Kanisa inawataka hata wanaosimamia mali ya Kanisa wapange vizuri vitabu vya mapato na matumizi, na watoe hesabu kila mwisho wa mwaka. Kama Kanisa linawadai hao, mtunza fedha wa vijana asione kwamba anatukanwa akiombwa kufungua sanduku.

Na anayeuliza juu ya risiti asiitwe mwenye wivu. Msikilizeni kwanza, hata kama ni mdogo kuliko wote. Akikosea, hesabu zitamwonyesha, na hakuna atakayedhurika. Akiwa na haki, amewaokoa wengi, na wa kwanza wao ni yule mwenye sanduku.

Mwaka 1494 mtawa Mfransisko, Fra Luca Pacioli, alichapisha huko Venezia kitabu kilichoeneza namna ya kuandika kila fedha mara mbili, inakotoka na inakokwenda, kama wahasibu wanavyofanya hadi leo. Aliwashauri wafanyabiashara waanze vitabu vyao kwa ishara ya msalaba na jina la Yesu. Siku hizi, kila tunapoombwa kutia sahihi, tunafanya kwanza ishara ya msalaba. Kisha tunaomba kuona sanduku.

Maswali ya kutafakari katika kundi:

1. Katika kundi letu, ni lini mara ya mwisho fedha zilihesabiwa mbele ya wote? Nani alihesabu?

2. Je, tumewahi kumwita mtu mwenye wivu au kiburi kwa sababu aliuliza swali la haki? Yuko wapi leo?

3. Ndugu yetu akikosa katika fedha, tutazipandaje ngazi za Mathayo 18 bila kumwangamiza, na bila kumficha?